Maji ya Jakuzi Yalishuka Siku za Jeannine

Mama Marthe mpendwa, nakuandikia moyo wangu ukiwa umetulia nusu, na kwa ile nusu nyingine naomba unisaidie.

Ninatunza nyumba ya Mkenya mmoja hapa Sandton, tunamwita Mama Roy, na nyuma ya nyumba kuna jakuzi, beseni kubwa la maji moto la kukaa watu wanne, ambalo mwezi wa pili lilianza kupoteza maji, na kwa kuwa mimi huandika kila jambo kwenye daftari kwa tarehe, nilibandika utepe ndani ya beseni nikapima asubuhi na jioni, na baada ya wiki tatu nikaona maji yanashuka Jumanne na Ijumaa tu, sentimita mbili au tatu, siku zilezile anazokuja dada Jeannine kufanya usafi, naye anakaa mtaa wa Diepsloot ambako bomba hukauka, na nilishamwona akiondoka na vidumu viwili vya maji.

Nilipomuuliza alicheka. "Kaka Marcellin, maji ya klorini nitasonga nayo bukari? Haya ni ya jikoni, muulize Mama Roy."

Sikuuliza. Nilimpelekea Mama Roy daftari. Kweli alikuwa amemruhusu kuchota bomba la jikoni, lakini alipoona tarehe zangu akasema, "Sasa amezoea," akamwambia Jeannine akae nyumbani kwanza.

Jumanne tarehe 11 Machi, Jeannine hayupo, maji yakashuka sentimita tatu. Nikasoma daftari upya, nikakumbuka kwamba Jumanne na Ijumaa ndizo siku ninazowasha pampu, maana Mama Roy anabana umeme. Nikafungua ubao wa pembeni, nikakausha mabomba kwa kitambaa, nikawasha pampu, na tone likatokea kwenye nati inayounga bomba na pampu, likafuata la pili, kisha yakawa mchirizi. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikafunga koki mbili, nikafungua nati, nikakuta mpira wa ndani umepasuka. Nimeweka mpya. Leo ni Jumapili, na hata juzi Ijumaa pampu ilipozunguka, maji yalibaki kwenye utepe, nami nilikaa chini nikashusha pumzi.

Lakini Mama Roy alisema, "Unaona? Jeannine hayupo, maji yametulia," nami nikajibu, "Ndiyo, Mama." Nikisema ukweli naogopa kufukuzwa, na Jeannine tunasali naye kanisa moja. Nifanye nini?

Marcellin, Sandton

*

Marcellin,

Hongera kwa kazi. Fundi mwingine angewauzia pampu nzima. Nami nimefarijika, kwa sababu Jeannine hajapoteza nafasi yake bado, na wewe hujachelewa.

Sasa nisikilize. Tarehe zako zilikuwa sahihi, ila ulizisoma kama mtu aliyekwisha kumpata mwizi. Mwanamke alibeba vidumu mchana kweupe mbele yako, akakuambia umuulize nani. Ungeuliza, ingekuchukua dakika moja. Hilo ni kosa, na watu hukosea. Ile "Ndiyo, Mama" ni mbaya zaidi, kwa sababu safari hiyo ulikuwa unajua.

Asubuhi utakayosoma jibu hili, mkute Mama Roy kabla hajatoka kwenda kazini. Mpe ule mpira uliopasuka, mwambie, "Maji yalikuwa yanatokea hapa, na mimi nilimsingizia Jeannine." Usianze na habari za jinsi ulivyohangaika. Mwombe ampigie simu Jeannine wewe ukiwa umesimama hapo, na siku alizokaa nyumbani zisikatwe.

Kisha nenda Diepsloot mwenyewe. Usimtume mchungaji akakuombee msamaha, mdomo uliomsema ni wako. Huenda akakukaribisha, huenda akakusikiliza ukiwa mlangoni. Yote mawili ni haki yake.

Unaogopa kufukuzwa. Sidhani Mama Roy atamfukuza mtu aliyempatia chanzo cha hasara, lakini siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba sasa hivi kuna mtu amekwisha kusimamishwa kazi kwa kosa lako, na si wewe.

Usingoje siku iliyo nzuri zaidi.

Mama Marthe