Kimya cha Ukurasa wa Pili

Baryo Santol,
Bulacan, Ufilipino.
Jumapili, 19 Juni 1994

Mpendwa Kaka Selmo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta Rotterdam kabla meli yenu haijaondoka, na kwamba lile jino lako limeshang'olewa. Mpishi wa meli nzima anakunywa uji kwa sababu ya jino moja, haipendezi. Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ila goti linamsumbua mvua zikianza, na mwaka huu zimeanza kwa fujo. Paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba wewe. Nasema tu.

Uliniuliza kama ni kweli nimejiandikisha kwenye usaili wa okestra kule Manila. Ni kweli. Hawachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, nami naitimiza Oktoba, kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi tena. Baba hakutaka. Unamjua, yeye hagombi, anasusa. Ngoma kubwa ya bendi yetu ameipiga maisha yake yote, na mimi nimekalia kiti cha kwanza cha klarineti tangu babu alipokiacha. Aliniuliza swali moja tu: "Ukienda, bendi itabaki na nani?" Nikaenda zangu kufanya mazoezi.

Walichotaka nipige ni kipande cha klarineti peke yake. Hakuna piano, hakuna ngoma, hakuna mtu mwingine. Baba aliposikia hivyo akasema, "Sasa huyo ana tofauti gani na mtu anayejisemesha barabarani?" Shangazi Isyang alicheka mpaka tambi za pansit zikampalia.

Kaka, kipande kile kilinitoa jasho. Kinaanza chini kabisa, kwa sauti ndogo mno, hata kijimwanzi cha mdomo wa klarineti kinakataa kutikisika. Ukikilazimisha kinalia kama bata. Halafu kipande chenyewe, bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi, kinaruka juu, kinashuka, kinaruka tena. Lakini vidole hatimaye vilinitii, Kwaresma ilipofika nilikuwa naruka bila kujikwaa sana. Kilichonishinda ni kimya. Ukurasa wa pili una mahali ambapo hakuna noti hata moja, na mtunzi ameandika hapo, "Nyamaza muda wa kutosha." Umtoshe nani, hakusema.

Nilikwenda kwa Mwalimu Herminia, Malolos, yule mwembamba aliyekufukuza darasani kwa kutafuna ubani. Sasa amestaafu na yeye ndiye anayetafuna, karanga za kuchemsha kutwa nzima. Nikapiga mpaka mwisho. Akaniuliza, "Femia, nani anakufukuza?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi mbona ukinyamaza kidogo tu unarudi mbio?"

Ndipo alipouona mguu wangu. Sisi tumezoea kupiga huku tunatembea nyuma ya sanamu za watakatifu tangu utotoni, basi mguu wa kulia unagonga chini wenyewe. Hata nikinyamaza, mguu unaendelea na maandamano. Alinivua viatu akanisimamisha juu ya mto wa kulalia, mtu mzima mimi. Mguu ukatulia. Lakini kichwani ngoma ya Baba haikutulia, na kila ikigonga, mimi naingia.

Nyumbani ndiko kulikoharibika zaidi. Napiga sebuleni, Baba amekaa anamenya vitunguu saumu, na kila nikifika kwenye kimya yeye anagonga meza kwa kidole. Nikamwambia, "Baba, hapo hakuna ngoma."

"Ndiyo maana naiweka," akanijibu.

Nikajaribu kukipa kimya kile maana. Nilimfikiria marehemu Mama, nikapiga kama tuko mazikoni. Mwalimu Herminia akaacha kutafuna. "Nani amekufa hapa? Usiniletee msiba wa kuigiza. Tafuta kitu unachokijua." Siku ile nilirudi nyumbani na hasira, nikasema afadhali niache.

Kilichonisaidia kilitoka kwako. Unaikumbuka simu yako ya Krismasi? Tulikwenda kuingojea pale posta. Sauti ilikuwa inachelewa kufika, wewe na Baba mkawa mnagongana, haloo, haloo, kisha wote wawili mkaacha. Hakuna aliyesema kitu. Nilidhani laini imekatika, nikanyoosha mkono nichukue mkonga wa simu, Baba akatikisa kichwa na kuushikilia. Alijua wewe bado upo. Basi nilikipiga kimya kile hivyo hivyo. Hakuna aliyeondoka, mtu bado yupo kwenye simu. Nikaacha kuhesabu. Mwalimu Herminia hakunisifu, alinisogezea tu bakuli la karanga.

Usaili ulikuwa Alhamisi. Asubuhi namkuta Baba amevaa shati la sherehe, eti anakwenda Manila kuonana na daktari wa goti. Daktari gani, hata jina hakuwa nalo. Tulipanda basi pamoja.

Unapiga nyuma ya pazia ili wasijue wewe ni nani. Noti ya kwanza ilitoka, namshukuru Mungu. Katika kuruka niliiharibu moja, sikufichi. Nilipofika kwenye kimya nikasikia mtu upande wa pili anapekua karatasi, kisha akaacha. Nikangoja mpaka pakatosha, nikaendelea. Jioni walisoma majina. Nimepata, Kaka. Klarineti ya pili, naanza Agosti.

Baba alikuwa ameketi kwenye korido, amesikia yote kupitia mlangoni. Tukapanda basi la kurudi, likapita Meycauayan. Kisha akasema, huku anatazama dirishani, "Pale uliponyamaza nilihesabu. Nikapotea."

Baba huyu huyu, ambaye hakupotea hata siku jukwaa lilipoanguka na Maestro Pulo, kiongozi wa bendi, akiwa juu yake. Nikamuuliza kama kimya kile kilikuwa kibaya.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nangoja tu urudi."

Jana nilikwenda kwenye mazoezi ya bendi nikiwa sijamwambia mtu yeyote. Nikamkuta Rosing, mke wa mwokaji, amekalia kiti changu, uso umemwiva kwa haya. Kumbe Baba alikwenda asubuhi mwenyewe kumwambia Maestro Pulo kwamba binti yake anaondoka, wamzoeshe mtu mwingine mapema. Alikuwa amesimama nyuma ya ngoma yake, hanitazami. Nilifurahi na moyo uliniuma, vyote pamoja. Nikakaa kiti cha nyuma, akatupigia pigo la kuanzia.

Shangazi Isyang anakusalimu na anauliza utaoa lini. Rosing na mumewe nao wanakusalimu, na Mwalimu Herminia anasema ubani bado ni marufuku. Baba anasema hana salamu, ila ameniuliza mara nyingi kama nimeshaifunga bahasha. Kuanzia Agosti atakuwa peke yake katika nyumba hii. Barua zako usiniandikie mimi tena, Kaka. Mwandikie yeye.

Mungu akutulizie bahari na akurudishe salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Eufemia