Sehemu Waliyoiacha Wazi Kwenye Ramani

Mshauri mpendwa, naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana nimebeba jambo ambalo nikilieleza nyumbani linatoka nusunusu.

Mimi ni mtafiti wa masuala ya jamii, sihesabu ndege wala sipimi maji, wapo wenzangu wa hayo, kazi yangu ni kukaa na watu na kuwasikiliza, na huu ni mwaka wa pili nipo na kikundi cha wanawake wasusi wa mikeka wanaolinda kinamasi chao wenyewe, wao ndio wanaopanga nani akate matete wapi na mwezi gani, nami wananiita Bi Maswali, jina ambalo mwanzoni lilinichoma na sasa naliitikia kama nimezaliwa nalo.

Mwezi uliopita tulichora ramani ya kinamasi kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, wanawake wamepiga magoti, wanasukumana, huyu anasema mfereji unapita hapa, yule anamuuliza wifi yake njia hiyo aliijulia wapi na alikuwa anamfuata nani, na vumbi la chaki likaelea kwenye mwanga wa dirisha mpaka nikahisi maji yenyewe yameingia darasani, lakini katikati wakaacha sehemu wazi, pana kama sinia, na nilipouliza pana nini mwenyekiti wao, mama wa sauti ya chini na vidole vilivyokomaa kwa ususi, akanijibu bila kuinua uso, "Hapo hatuendi, mwanangu. Samaki wanazalia hapo, nasi tunawaacha."

Basi mshauri, sehemu ile ikanikaa, nikifumba macho naiona, nikikaa mbele ya kompyuta naona matete yanachipua pembeni mwa meza, na mkurugenzi wa mradi wetu akasema ramani yenye tundu itarudishwa na wizara, wanawake watakosa hati ya kusimamia kinamasi, nikajiambia ni kwa faida yao, na asubuhi moja wao wakiwa sokoni nikavua viatu nikaingia peke yangu na kile kifaa kinachoonyesha mahali ulipo.

Sijui nikuelezeje, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, matete yakijifunga nyuma yangu kama mapazia, halafu ghafla hakuna matete, ni maji tu, maangavu, mepesi kama pumzi, na vifaranga vya samaki wakipita kwa maelfu katikati ya miguu yangu kana kwamba mimi ni shina tu lililoota pale, nikasimama sijui muda gani, nadhani nililia, kisha nikabonyeza kitufe.

Siku tisa baadaye kwenye kikao mwenyekiti akasema kuna mtu ameingia siku ile ya soko, matete yamelala njia nzima, na kanuni yao waliyoitunga wenyewe ni kwamba aliyeingia asimame aseme, kisha asikate matete msimu mzima, na hakuna aliyesimama, macho yakaenda kwa mkwe wa mwenyekiti, mke wa mwanawe, aliyeolewa miezi sita tu iliyopita, kwa kuwa siku ile alichelewa kufika sokoni, akaapa, akalia, na mama mkwe wake akamwambia, "Ungesema tu, mwanangu. Sasa nitakuteteaje mbele ya wenzako?" nao wakamwadhibu, na mimi nikiwa kwenye kona na daftari langu nikaandika kwamba kikundi kinasimamia kanuni zake bila upendeleo. Sentensi hiyo ipo ukurasa wa kumi na nne wa ripoti, mkurugenzi ameisifia.

Kikao kingine ni Alhamisi, ramani inatumwa Ijumaa. Nikisema, nitapoteza imani yao na labda wao watapoteza hati, nikinyamaza angalau kinamasi kitalindwa, na je, siwezi kumsaidia yule binti kimyakimya, nikamtafutia ukarani kwenye mradi? Mume wangu ananiuliza mbona siku hizi nafungua bomba na kusimama tu nikitazama maji. Nifanyeje?

Bi Maswali

*

Bi Maswali,

Nimesoma maelezo yako ya yale maji mara mbili, kwa raha, na ndipo nikaudhika. Ukungu umeupa nafasi ya kutosha. Yule binti ameapa na kulia ndani ya mstari mmoja, kisha ukarudi kwenye ripoti yako.

Nakuhurumia, kweli. Mtu akisimama mahali kama pale hatoki kama alivyoingia, na hakuna anayeweza kukunyang'anya asubuhi ile. Lakini acha kuniambia habari za faida yao. Ulitaka kuona. Sema hivyo, hilo ni kosa la binadamu, na watu husamehe la binadamu kuliko la mtaalamu.

Nimezisoma ripoti za fani yenu, nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Kwenye jalada mnaandika kwamba jamii ndiyo inayoongoza, na ndani hamuwezi kuvumilia sehemu ya sakafu yenye ukubwa wa sinia ambayo jamii hiyohiyo imesema isiguswe. Wale wanawake hawakusahau kuchora. Mwaka wa pili sasa unauliza wanakilindaje kinamasi chao. Wakakuonyesha jibu, jeupe, katikati ya darasa, nawe ukaliona ni pengo la takwimu ukaenda kulijaza.

Habari ya ukarani usiitaje tena, hata kwa mumeo. Itawathibitishia wenzake kwamba binti ana la kuficha, na wewe utalala usingizi mzuri juu ya aibu yake.

Leo ni Jumatano. Kabla hujatoka ofisini futa ile alama kwenye kifaa, kwenye kompyuta na kwenye nakala ya mkurugenzi, na ule ukurasa wa kumi na nne uandike upya kama mambo yalivyokuwa. Mkurugenzi mwambie ramani itakwenda ikiwa wazi pale walipoiacha wazi. Akikutajia wizara, muulize nani huko alisema itarudishwa, maana barua yako haionyeshi kama yupo aliyeuliza. Na ikirudishwa, itaandikwa tena. Karatasi ina subira kuliko watu.

Kesho fika mapema. Toka kwenye ile kona, keti chini pamoja nao. Usimvute mwenyekiti pembeni kwanza, binti aliaibishwa mbele ya wote na asafishwe mbele ya wote. Kabla ya ajenda simama useme, "Aliyeingia ni mimi. Mkwe wako hakuingia." Kisha nyamaza. Usitaje mradi, usieleze ukungu. Wewe hukati matete, kwa hiyo adhabu yako wataipima wao. Wakisema usiulize swali msimu mzima, usiulize. Wakisema uondoke, ondoka, ushukuru kwamba walikuwa na kanuni.

Unataka kujua kama watakuamini tena. Sijui, na kesho hilo si lako kulidai. Mimi namfikiria yule mama, aliyemhukumu mkwe wake mwenyewe kisha akarudi naye nyumba moja, na tangu siku ile anapokea sahani kutoka mikononi mwa mtu anayemdhani kuwa mwongo. Kesho akiipokea, ajue mikono ile ilikuwa safi siku zote.