Mtandio Chini ya Sinki

Baba watoto,

Usifungue bomba la jikoni. Vigae viwili vya sakafu vimebanduka, usivikanyage.

Miezi miwili unanisema namwaga maji nikiosha vyombo. Leo asubuhi nimeingiza kichwa chini ya sinki mwenyewe. Bomba linavuja kwenye maungio, nawe ulilifunga kwa mtandio wangu wa kijani. Ule niliosema mdogo wangu kauiba! Wewe ulikuwepo nikimshutumu, ukaendelea kunywa chai, yeye akafungasha akaondoka analia.

Nunua kimpira kipya, ukifunge. Si nguo ya mtu.

~~Chakula kipo kwenye sufuria.~~ Chakula nimembebea yeye. Na mtandio naenda nao, umelowa hivyohivyo, nikamwangukie miguuni.

~~Mkeo~~
Dada yake