Shemeji Yangu, Kamishna wa Soko la Pamoja

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme umerudi asubuhi. Nimesaga mpaka mchana. Watu wengi kwenye mashine, mahindi machache. Kila mmoja na kibeseni chake. Zamani walileta magunia.

Mama mmoja mgeni ameniuliza kama ndevu zangu ni za kanisa. Mwenzake akamfinya. Yule mgeni akaona kitambaa cheusi cha msiba mkononi mwangu, akaomba msamaha. Hana kosa. Hata mimi nikijiona kwenye kioo nashtuka.

Redio ya jirani imesema Kamishna wa Soko la Pamoja anafika Lubumbashi wiki hii. Mkutano hotelini, kisha safari ya mpakani. Nchi jirani imezuia mahindi yasitoke, malori yamelala barabarani, na yeye anakuja kuzungumza na mawaziri wafungue.

Kamishna ni Faustin, mdogo wake marehemu mke wangu Fina. Nimesikia habari zake redioni, kama mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Nina hasira, na sijui kuwa na hasira. Fina ndiye alikuwa anakasirika kwa niaba yetu wote wawili.

Alikufa mvua zilipoanza mwaka jana. Kwa watu wake wa Lukafu, mwanaume aliyefiwa na mke hajitoi kilioni mwenyewe, hufunguliwa. Watu wa marehemu wanakuja, wanampaka unga, wanamfunga shanga nyeupe mkononi, wanamwambia aende. Kabla ya hapo hanyoi, na nyumba yake haifanyi sherehe.

Faustin hakuja kwenye mazishi. Alikuwa kwenye mkutano, nchi za watu. Alipiga simu, akasema: mningoje, shemeji nitamfungua mimi mwenyewe. Ndiye mwanaume pekee aliyebaki katika ule ukoo. Jamaa wakaitika. Tumengoja Krismasi. Tumengoja Pasaka.

Binti yangu Mado ana mchumba. Watu wa mchumba ni wa Butembo, wana ghala mjini, waungwana. Wameuliza siku ya ndoa mara mbili. Binti haolewi kutoka nyumba yenye kilio. Mara ya tatu labda hawatauliza.

Jumatano, 6 Agosti

Yaya Ngosa amefika kutoka Lukafu, juu ya lori la makaa. Dada mkubwa wa Fina, mkubwa wao wote, ndiyo maana wanamwita yaya. Ameshuka mweusi kwa vumbi, na gunia la mahindi ya shamba lake. Ameniangalia kutoka juu mpaka chini.

“Shemeki, unafanana na mbuzi ya padri.”

Nimecheka. Sijui ni lini nilicheka mara ya mwisho.

Kwenye pindo la kitenge chake amefunga shanga za mama yao. Kila msiba wa ukoo ule umefungwa na shanga zile. Amenionyesha, akazifunga tena haraka.

Katibu wa Faustin amepiga simu. Dada mwenye sauti safi. Mheshimiwa atapita nyumbani kesho mchana. Mado ameazima viti kwa jirani. Mimi nimesaga gunia la Yaya Ngosa peke yake, mashine ikiwa imefagiliwa, unga usichanganyike na wa mtu mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuja.

Kuku wawili, ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo. Mado amevaa kitambaa cha kichwa cha mama yake. Majirani wamejipanga kwenye kona kuangalia gari la mkubwa. Saa tisa tumesikia ving'ora kwenye barabara kubwa. Wote tumesimama. Ving'ora vimepita. Vilikuwa vinaelekea mpakani.

Tumebaki tumesimama kama watu wanaosali.

Jirani akamuuliza Yaya Ngosa, mukubwa wenu iko wapi. Akajibu bila kugeuka kwamba iko anafungua mipaka. Watu wakacheka. Akawaita wakae, wale. Bukari ilikuwa imepoa. Wakala yote.

Mado ameosha vyombo mara mbili. Mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda hotelini mwenyewe. Koti la ndoa yangu. Linanibana mabegani.

Kijana wa mlangoni alitaka kunirudisha, kwa sababu ya ndevu. Katibu akashuka, akaniita papa, kama baba yake, akanivika shingoni kadi yenye utepe wa buluu: MGENI. Nikakaa kwenye kiti laini kuanzia asubuhi. Chai imeletwa mara mbili. Wanaume wenye makoti mazuri wakipita wanasoma kadi yangu, si uso.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kidogo. Nimemsikia Faustin akizungumza. Anazungumza vizuri. Kifaransa, halafu Kiswahili cha redio. Anawabembeleza. Anawaambia kila nchi ikiachilia kidogo tu, wote watakula. Nilimkumbuka akiwa na miaka kama kumi, likizo, nyumbani kwetu. Fina alikuwa anamfichia nyama chini ya bukari ili nisione. Nilikuwa naona.

Alipotoka alinikumbatia. Alilia. Kweli alilia, sitamsingizia. Amezeeka kuliko mimi. Akaniambia kwamba jana waziri mmoja alibadilisha maneno ya asubuhi, ikabidi wamfuate mpakani. Akaniambia cheo chake watu hawakielewi.

“Shemeki, mimi siamuru muntu. Minaombaka tu. Kila mukubwa iko na mulango yake, na hapana mwenye anataka kuuachilia.”

Nilimwonea huruma. Ndiyo tabia yangu mbaya. Halafu nikamkumbuka Mado na vyombo vyake.

“Faustin, mimi sikuombi ufike. Sema tu neno moja, Yaya Ngosa afanye.”

Akafuta macho. Akanyoosha tai.

“Hapana. Ile iko yangu. Ku Lukafu batasema nini? Mutaningoja tu, mbele ya Noeli minakuya.”

Katibu akamgusa kiwiko. Wakataka tupige picha, Kamishna na mwenye mashine ya unga wa Kenya, mfano wa mfanyabiashara mdogo. Nikasimama pale. Kwenye picha nitaonekana ninacheka. Ni meno tu.

Nimerudi kwa miguu. Kadi nimeisahau shingoni mpaka nyumbani. Watoto wa mtaa wamenipigia saluti.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilimweleza Yaya Ngosa yote jana jioni. Aliuliza tu kama Faustin amekonda.

Leo amenigonga mlangoni kabla ya jua. Siku ya posho, amesema, siku nzuri, zamani watu wa mgodi walipewa chakula siku kama hii. Akaweka kiti uani, uso wangu uangalie mlango. Mado akaleta maji na wembe.

Nikaogopa. Nikamkumbusha kwamba Faustin amekataa. Kwamba yeye ndiye mjomba wa Mado, na siku ya ndoa anaweza kukataa kusema ndiyo, na wale wa Butembo watamsikiliza mtu mwenye ving'ora kuliko sisi.

Yaya Ngosa alikuwa anafungua fundo la kitenge kwa meno.

“Faustin nilimubeba mu mugongo mpaka ku kisima. Leo nimungojee ruhusa?”

Akaninyoa mwenyewe. Amenikata chini ya sikio. Akachota unga wa shamba lake, akanipaka kipaji cha uso, kifua, viganja. Akanivua kitambaa cheusi. Akanifunga shanga. Ni ndogo, zimekuwa njano kidogo, uzi ni mpya. Alishindwa kufunga fundo, macho hayaoni, Mado akamsaidia. Sikujua kama inaruhusiwa mtoto asaidie. Yaya Ngosa hakuuliza mtu.

“Enda, shemeki. Fina amekuachilia.”

Nilidhani nitafurahi. Nililia kama mtoto mbele ya binti yangu. Sikutaka kuachiliwa. Hilo sikulijua mpaka nilipolisikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Yaya Ngosa ameondoka jana baada ya misa. Redio inasema mpaka umefunguliwa. Mchana ikasema bado kuna maelewano yanayongojwa. Nimeizima.

Faustin amepiga simu akiwa uwanja wa ndege. Mado alikuwa amemwandikia ujumbe, bila kuniuliza. Nilingoja anitukane. Nikasikia wakiita abiria nyuma yake. Akauliza kama zilikuwa shanga za mama. Nikasema ndiyo. Akauliza nani alifunga. Nikasema Yaya Ngosa, Mado akasaidia fundo.

Kisha akasema, sauti ndogo, siku ya ndoa mtaniambia? Nimesema tutamwambia. Sikusema tutamngoja.

Watu wa Butembo watakuja Jumapili.

Upepo umekuwa na vumbi leo, uso unaniwasha mahali penye ndevu. Umeme ulirudi mapema. Wateja hawajafika, nikasaga kibeseni kilichobaki cha mahindi ya Lukafu. Fina alikuwa na desturi. Unga wa kwanza wa siku aliuweka kwenye ulimi, akafumba macho, kisha akawaambia wateja kama una mchanga. Nimechukua kidogo. Mkono wenye shanga.

Hauna mchanga.