Malkia wa Mto na Sauti Yako

Mama mupendwa,

Salamu toka Kindu, kwetu kwa zamani. Mvua inanyesha tangu asubuhi na nimeshiba wali na samaki ya mto Lualaba, lakini nakuandikia juu ya jambo lingine.

Jana, katika sali, ule ukumbi wa parokia hapa mtaani Kasuku, walionyesha ile filamu yetu ya malkia wa mto, na mama aliyecheza malkia alikuwepo mwenyewe. Amezeeka, lakini mdomo wake haujazeeka. Mukubwa mumoja alichelewa kufika, akataka kiti cha mbele. Yule mama akamuambia mbele ya watu wote: "Malkia njo mimi. Wewe kaa nyuma."

Kumbe ana sauti nzito vile. Wakati wa vita, tukiangalia filamu hii nyumbani, ulizima sauti ya televizyo ili askari wasitusikie, ukatusemea maneno yake wewe, polepole, masikioni. Jana nilingojea pale anapotoka majini na kuambia watoto: "Laleni, mimi niko macho." Hakusema. Pale anatukana mamba tu. Kumbe maneno yale yalikuwa yako.

Nikaenda kumushukuru, nikamuelezea yote. Akanishika mukono.

"Umuambie mama yako, yeye njo mukubwa wangu katika kazi hii. Mimi nilicheza mbele ya kamera. Yeye alicheza huku askari wakiwa pa mulango."

Aksanti, Mama. Leo ulale vizuri. Mimi niko macho.

Mutoto wako,
Feza