Mahali pa Wilondja kwenye mtumbwi

Baraka, Jumapili, tarehe 6 Julai

Kwako Wilondja,

Tangu mchana jua ni kali na ziwa limetulia. Asubuhi halikuwa hivyo. Ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu mtandaoni mniwie radhi. Leo ninamwandikia mume wangu, aliyekufa kwa homa miezi tisa iliyopita.

Tulitoka na mtumbwi wa tanga.

Rafiki yako Asende na mke wake Furaha walinibembeleza wiki nzima. Walisema tufuate ukingo wa ziwa mpaka Mboko, kama tulivyokuwa tukifanya sisi wanne kila kiangazi, tule samaki kule, turudi. Niliogopa, kisha nikakubali.

Mahali pako nyuma, karibu na Asende mwenye usukani, hapakuwa na mtu. Furaha alitandika pale kitenge safi. Hakuna aliyesema pasikaliwe, kila mmoja alipaepuka tu. Hata kikapu cha mihogo tulikiweka mbele. Na kamba ya tanga, ambayo wewe hukuifunga hata siku moja, uliizungusha mkononi tu huku ukitafuna muwa wako, leo Asende aliifunga kwenye ubao. Nilimwona akiifunga. Nikadhani ni heshima: kama mkono wako haupo, mkono mwingine usiishike.

Hilo ndilo kosa letu.

Mwanzo safari ilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa mdogo, tukasaidia kwa makasia.

"Mama Neema," Asende aliniambia, "ukipiga kasia hivi, tutafika Mboko kwa Noeli."

"Umuache," Furaha akamjibu. "We iko unapiga makelele kupita motere ya boti."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka ziwani bila wewe, nikaona aibu kidogo.

Ghafla upepo ukashuka kutoka milimani. Tanga likajaa, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia upande wa Furaha mpaka mapajani. Unajua Furaha hajui kuogelea. Kilichotakiwa ni kuachia kamba tu, tanga limwage upepo.

"Wilo, achia kamba!" Asende alipaza sauti. "Wilo, achia!"

Sote watatu tukakigeukia kile kitenge. Tukangoja.

Labda zilikuwa pumzi mbili, labda tatu. Lakini nilingoja, Wilondja. Nilikuwa na uhakika kwamba utaiachia. Maji yanaingia, Furaha ameng'ang'ania ubao ananitazama, na mimi ninamngoja mtu ambaye nilimwosha na kumvalisha shati la mwisho kwa mikono hii.

Kisha nikatambaa, nikakalia kitenge, nikalifungua lile fundo kwa meno. Tanga likalegea. Mtumbwi ukainuka.

Asende alikuwa akichota maji kwa kopo na kulia. Halafu akageuza mtumbwi kurudi Baraka. Nilipotaka kuinuka nirudi mahali pangu, Furaha akanishika sketi.

"Bakia pale pale, Mama Neema. Kama unatoka, mi naenda kwetu na miguu."

Nikabaki. Nilishika kamba yako mpaka nyumbani. Imenichora mstari mwekundu kwenye kiganja, na sasa unawaka. Miaka yote ile hukuniambia kwamba inauma.

Hata sasa sielewi. Tunajua umekufa, tulikulilia, kaburi lako tulilisafisha juzi. Watu wazima watatu tunawezaje kumwachia marehemu kazi?

Asende anasema tujaribu tena kabla kiangazi hakijaisha. Nimekubali, na nitakaa pale nyuma. Sitakutunzia tena mahali kwenye mtumbwi. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili.

Usinichukie kwa hilo, baba Neema. Huko uliko, unikumbuke.