Unene wa Vocha Moja

Gisenyi, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpenzi Valentin,

Nakusalimu kwa moyo wote, na natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na unapata usingizi. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini kila Jumamosi anapanda pikipiki hadi Nyamyumba kuyachovya kwenye maji ya moto kando ya ziwa, na hadi Jumatatu anatembea kama msichana. Shemeji yako Théoneste anaendelea kuvuka mpaka hadi Goma na vitunguu vyake, naye anakusalimu. Mama alikuwa akiniuliza kwa nini hupigi simu. Nilimwambia mtandao wa huko porini ni mbovu. Huo ni uongo, na utakutana na mwingine kabla hujamaliza kusoma.

Sasa tuingie kwenye kazi. "Maganda yaligoma kuingia katika bunduki kwa sababu mhusika hakuyapaka mafuta kabla ya kuyabana, na kwa ujumla alifanya kazi kwa haraka na uzembe." Hayo ni maneno ya Meneja Rwema wa kambi yenu ya uwindaji huko ng'ambo ya mpaka, ukurasa wa pili wa taarifa uliyonipigia picha, na ndiyo anayotaka uyatie saini Jumatatu mbele ya kamati. Nimebishana magazetini na maprofesa na mapadri. Wengine nimewashinda, wengine wamenishinda. Lakini sijapata kukutana na sentensi moja iliyobeba makosa mengi kiasi hiki. Théoneste ameniona nikiisoma kwa sauti huku chai inapoa, akasema, "Epiphanie, we utabishana hata na kalenda." Kalenda ikikosea, nitabishana nayo.

Nataka barua hii isomwe mbele ya kamati, na katika kamati hiyo yuko mhasibu na yuko mwanasheria ambao, kama ulivyonieleza, hawajawahi kushika ganda la risasi. Kwa hiyo naeleza kwa ajili yao. Ganda la shaba likishafyatuliwa hutanuka. Ili lijazwe upya ni lazima lirudi kwenye kipimo chake, na kwa hiyo linasukumwa kwa presi ndani ya kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda. Mafuta hupakwa ili ganda liteleze humo ndani. Asiyepaka mafuta hafiki mbali: ganda litanasa ndani ya kalibu, presi itang'oa ukingo wa kitako, na kazi itasimama palepale. Valentin alibana maganda arobaini mchana mmoja na hakuna hata moja lililonasa. Ganda kavu hugoma kwenye kalibu, haliendi kungoja nyati ndipo ligome. Basi Meneja Rwema ama hajui anachokiandika, ama anakijua vizuri sana.

Najua ulivyoniambia kwamba ukifumba macho unaiona siku ile ya Agosti. Nami naiona, ingawa sikuwapo. Nyati amepigwa risasi ya kwanza, ameyumba lakini hakuanguka. Kiongozi wa msafara anavuta bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, anaingiza ya pili, bolti inakataa kushuka. Anaisukuma kwa kiganja, inakataa. Wakati huohuo nyati amemfikia Faradji, mfuatilia nyayo ambaye sote tulianzia kazi mikononi mwake, na amemvunja paja. Nilimpigia Faradji hospitalini juzi. Ana vyuma mguuni na mdomo wake ni uleule. Alisema nikwambie kwamba hakulaumu wewe, anamlaumu nyati, na nyati ameshaliwa.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua nani wa kulaumiwa. Nilisema ni kalibu. Ina zaidi ya miaka ishirini, imebana maelfu ya maganda, imechakaa ndani. Ndiyo sababu nilikuomba uing'oe kwenye presi uniletee kwa basi. Kalibu ni chuma tu, haina ubishi mpakani. Ganda hata moja sikutaka livuke, maana mpaka wetu hauna mzaha na vitu kama hivyo. Picha na vipimo ulivyonitumia kwa simu vilitosha.

Niliipeleka Mbugangari kwa Verediane, ambaye karakana yake inachonga ekseli za pikipiki na shafti za mashine za kusaga mahindi. Hajawahi kufanya kazi ya risasi, lakini kwake chuma ni chuma. Alichonga kijiti cha shaba kwa vipimo vile ulivyonitumia, akakipaka wino wa bluu, akakisukuma ndani ya kalibu, akakizungusha, akakitoa. Wino ulikuwa umefutika sawasawa pande zote. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilimwambia pengine kijiti ndicho kibaya. Akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Dada, hii kalibu iko muzima. Ni watu yake ndio wagonjwa."

Nilikasirika. Nilimweleza kwamba mimi nilifanya kazi ile miaka kumi na miwili, na kwamba kanuni ya kufunga kalibu ile ni yangu, na imeandikwa ukutani kule kambini kwa rangi nyekundu: kati ya kalibu na kishikio cha ganda, acha unene wa vocha moja ya simu. Akauliza vocha iko wapi. Nilikuwa nayo. Ninayo moja ya zamani, iliyokwanguliwa, natumia kuwekea alama katika kitabu ninachosoma. Akaibana kwenye maikromita, akasema robo ya milimita. Kisha akauliza huyu ndugu yangu alitumia vocha kama hiyo. Nikajibu kwamba vocha za kukwangua siku hizi hazipatikani kirahisi, watu wananunua muda wa maongezi kwa simu, kwa hiyo ulitumia kitambulisho chako. Verediane akanyoosha mkono. Nikampa changu. Akakibana kwenye maikromita ileile, akanigeuzia nisome mwenyewe. Mara tatu ya vocha.

Alinieleza mengine bila kunionea huruma. Kalibu ikikaa juu kiasi kile, inabana tumbo la ganda lakini haifiki kulisukuma bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni. Shaba inayobanwa tumboni inatafuta pa kwenda, nayo inakwenda mbele. "Ukiminya tubu ya dawa ya meno katikati, si inatoka ku mudomo? Bon, ndivyo hivyo." Ganda linatoka refu kuliko lilivyoingia. Ni jembamba, linang'aa, lina mafuta, na ni refu kwa unywele mmoja ambao bolti haiwezi kuusamehe. Nilikaa kwenye kreti ya bia ya karakana yake, nikairudisha vocha yangu kitabuni.

Sasa nasema na wewe, Valentin, na kamati isikilize. Umewaambia kwamba kutumia kitambulisho lilikuwa wazo lako. Umelirudia mara mbili, na taarifa imelinukuu. Wewe unajua si kweli, na mimi najua. Mwezi wa Machi ulinipigia simu ukanieleza, kwa adabu zako zote, kwamba vocha zimekwisha dukani, ukauliza utumie nini badala yake. Nilikuwa njiani kwenda redioni kubishana na mtu kuhusu vitabu vya shule. Nilikwambia kadi ni kadi, tumia yoyote, usinisumbue na vitu vidogo. Ukasema, "Sawa, dada." Miezi mitano baadaye umesimama mbele ya watu watatu ukalimeza jibu langu kama ni lako. Nani alikutuma kunilinda? Nimewahi kukuomba? Nimepigana maisha yangu yote bila mtu kusimama mbele yangu, na sitaki aanze mdogo wangu, tena kwa uongo.

Na bado sijafika mwisho. Unajua kwamba kalibu ile ilikuja na kipimo chake, bomba fupi la chuma ambalo unatumbukiza ganda ndani yake, na ukingo wake unakuonyesha bega limekaa wapi. Kwa kipimo kile hakuna haja ya vocha wala kitambulisho wala dada. Umesikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba kilipotea tulipohama kutoka kambi ya mtoni. Hakikupotea. Nilikivunja mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Nilisahau kupaka mafuta ganda moja, likanasa ndani ya kalibu. Nilifanya kama inavyofanywa: nikatoboa kitako chake, nikakata nyuzi za skrubu, ili nikaze na kulivuta litoke. Inahitajika bomba la kuegemeza skrubu. Sikuwa nalo, nikatumia kile kipimo. Ganda lilitoka. Kipimo kikapasuka kutoka ukingoni hadi chini. Nilikifunga kwenye gazeti nikakitupa chooni, na tulipohama nikasema kimepotea. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ya wanaume tisa, na kila asubuhi waliniuliza kama nimekuja kupika. Walikuwa wanangoja kosa moja tu. Sikuwapa.

Badala yake nikajaribu siku tatu kwa bunduki ileile na maganda yaleyale, nikaona kwamba kwa unene wa vocha moja bolti inafunga kama mlango wa kabati jipya. Nikaandika ukutani. Wanaume walewale wakaanza kuisifu. Wakaiita njia ya Epiphanie, wakawafundisha wageni, na mimi nikaacha waamini kwamba ni utaalamu, kumbe ilikuwa kiraka. Kiraka kilishika kwa sababu vocha zote zilikuwa za unene mmoja. Sikumwambia mtu hivyo, kwa sababu kusema hivyo kungemfanya aulize kipimo kiko wapi. Faradji amevunjika paja kwa ajili ya swali ambalo niliogopa kuulizwa.

Sasa Meneja Rwema asifurahi mapema. Mwezi wa Juni, kabla ya msimu kufunguliwa, ulimpelekea risasi hizo ukamwambia bolti inafunga kwa shida. Alijaribu tano mwenyewe. Alisema zitalainika, wageni wako njiani, endelea. Faradji alikuwa amesimama hapo akinoa panga, naye yuko tayari kuyasema hayo kitandani kwake kwa yeyote atakayekwenda kumsikiliza. Taarifa ina kurasa sita, na katika kurasa hizo mwezi wa Juni haupo. Mtu anayejua kuandika "kwa ujumla" na "uzembe" anajua pia kuandika Juni.

Nami sikuachii wewe bila neno. Ulihisi kuna kasoro, ukamwambia mkubwa wako, na hilo lilikuwa sawa. Baada ya pale ulinyamaza, kwa sababu kanuni ilikuwa ya dada na amri ilikuwa ya meneja. Ungegoma. Siku nyingine goma, hata kama anayesema ni mimi. Lakini kunyamaza kwako si yale waliyoyaandika wanayotaka uyatie saini, na mtu hatii saini kosa ambalo hakulifanya kwa sababu tu analo jingine.

Jana nilimwambia Mama kila kitu, simu na kipimo na mtandao wa porini. Aliuliza kama Faradji bado anapenda ndizi mbivu. Amenituma nikuambie usimwombee msamaha dada yako, ana mdomo wake. Théoneste amekusalimu tena kutoka mlangoni, akiwa na gunia begani. Wasalimie wote wa karakana, hata wale waliokuwa wakiniuliza kama nimekuja kupika, na ukienda hospitalini mpelekee Faradji hizo ndizi.

Jumatatu usikae. Simama, usitie saini, na uisome barua hii yote kwa sauti, pamoja na mahali ambapo utaona aibu kwa ajili yangu. Nimeiandika kwa kalamu na siyo kwa simu ili iwe na saini yangu na mtu asiseme haikufika.

Na ninyi watatu mnaosikiliza, mhasibu, mwanasheria na mwenyekiti wenu: futeni sentensi ya ukurasa wa pili. Andikeni badala yake jina langu kamili, na mbele yake simu ya Machi na kipimo nilichokivunja. Chini yake andikeni jina la Meneja Rwema na mwezi wa Juni. Kisha nendeni karakana, mkwangue ile kanuni yangu nyekundu ukutani mpaka rangi iishe, na risasi nyingine isijazwe pale mpaka kipimo kipya cha chuma kimewekwa mezani. Mkitaka kuniuliza lolote, niiteni. Nitapanda basi siku hiyohiyo, na nitajibu mbele ya Rwema.

Dada yako,
Epiphanie